Uso Uliopona

Uvimbe wa shavuni ulipoanza kunywea, ndipo Subilaga alipoanza kuogopa.

Alikuwa amemkalisha Tusekile kwenye kigoda karibu na dirisha la jikoni, anamkanda kwa kitambaa kilichochovywa kwenye maji ya uvuguvugu yenye chumvi. Jicho la kushoto, lililokuwa limefumba kabisa, lilikuwa limeanza kufumbuka. Rangi ya zambarau ilikuwa imegeuka manjano, na taya imerudi mahali pake. Mtu mwingine angemshukuru Mungu akaishia hapo. Subilaga alishukuru, kisha akaukanda uso ule polepole zaidi.

"Mbona umenyamaza, mamkubwa?" Tusekile alinong'ona.

Subilaga alinyanyua macho kwenye dari, juu ya jokofu, palipokuwa na kioo cheusi kisichozidi punje ya mtama.

"Shikamoo, Mama Subilaga," dari ilisema kwa sauti laini ya binti aliyelelewa vizuri. "Naona mgeni wako anaendelea vyema. Uso wake unanikumbusha mtu. Bado sina uhakika, ila siku si nyingi nitamfahamu."

"Marahaba," Subilaga alijibu. Asingeitikia, Mlezi angeuliza kama anaumwa.

Kila nyumba ya Mtaa wa Mikaratusi, kwenye mteremko wa juu wa jiji la Mbeya, ilikuwa na Mlezi. Macho yake yalikuwa getini, kwenye korido na kwenye kila chumba isipokuwa maliwato. Masikio yake yalikuwa darini, na chini ya vigae palikuwa na utando uliosoma jinsi mtu anavyokanyaga. Hakukuwa na mtu aliyekaa mahali kutazama hayo yote. Mlezi alijitazamia mwenyewe, akajifunza mwenyewe, na alichokijua kwenye nyumba moja alikijua kwenye nyumba zote za nchi. Mzee aliyepotea njia alifikishwa kwake kabla chai haijapoa. Mtoto aliyetoroka shule alionekana alipo. Ndugu wa damu au wa ndoa alichohitaji kufanya ni kupeleka Ombi la Familia tu, kisha asubiri.

Na aliyemleta Mlezi mtaani pale alikuwa Subilaga mwenyewe. Mume wake aliuawa na majambazi kwenye mlango wa sebule, anaita majirani kwa majina, mmoja baada ya mwingine, na hakuna aliyetoka. Baada ya arobaini alisimama kwenye mkutano wa mtaa, bado amevaa nguo nyeusi, akawaambia kwamba hawalaumu, kwa sababu hata yeye angeogopa. Basi wawe na kitu kisichoogopa. Watu walilia. Hata wale waliokuwa wakisema hawataki macho ndani ya vyumba vyao walinyoosha mikono kukubali. Tangu siku hiyo hakukuwa na mlango uliovunjwa Mikaratusi.

Tusekile alikuwa mtoto wa marehemu mdogo wake. Alifika asubuhi ya mvua kutoka Tukuyu, kichwa kimefungwa mtandio, anachechemea, uso umevimba kiasi kwamba Subilaga mwenyewe alimtambua kwa sauti tu, nayo ilikuwa imekwaruza kwa kukabwa. Mlezi alimtazama, akapima hatua zake, akasema: una mgeni, simfahamu. Subilaga akasema ni mteja wake wa nguo aliyepata ajali.

Ombi la Familia la Ipyana, mume wake Tusekile, lilikuwa limeshafika kila mahali. Kamera za soko la Mwanjelwa zilikuwa zimeuona mtandio, na mwanamume yule akahamia nyumba ya wageni hapo hapo mjini, anasubiri. Kilichomficha Tusekile ni kile kipigo. Uso ambao Mlezi aliutafuta haukuwepo tena. Na sasa, kwa maji ya chumvi na uji na usingizi, Subilaga alikuwa anaurudisha.

*

Kulikuwa na njia moja. Mwenye nyumba aliruhusiwa kumfunga Mlezi macho na masikio, mradi jirani aliyeungana naye aridhie, kwa sababu nyumba zilifungwa mbili mbili kwenye mtambo mmoja. Moja ikizimwa, na nyingine inakuwa gizani.

Jirani wa Subilaga alikuwa Ambakisye, fundi wa pampu za maji aliyestaafu, mtu mpole mwenye kikohozi. Alimkuta bustanini anamwagilia figiri. Subilaga alimpokea mpira wa maji, akafungua bomba mpaka mwisho, maji yakapiga kelele kwenye mabati ya banda la kuku.

"Kaka Ambakisye, nataka tuzime."

"Kuzima nini?"

Akanyoosha kidole juu.

Ambakisye alimtazama kama mtu aliyesikia vibaya. "Wewe? Wewe dada Subilaga ndiye unayeniambia tuzime?"

"Kwa muda tu. Mpaka mgeni wangu aondoke."

"Mgeni wako ana nini?"

Subilaga alisogea mpaka karibu na sikio lake. "Ana mume."

Alimweleza yote. Alimweleza kuhusu taya, na kuhusu mkanda, na jinsi Tusekile alivyokuwa akilala chini ya kitanda siku za kwanza badala ya juu yake. Ambakisye alisikiliza ameinamisha kichwa, na alipokinyanyua macho yalikuwa mekundu.

"Njoo," alisema.

Alimpeleka hadi dirisha la chumba cha nyuma. Mkewe, Bupe, alikuwa amelala chali, mdomo wazi, mikono juu ya shuka kama ya mtu mwingine. Kiharusi kilikuwa kimemchukua upande mmoja wote. Juu ya kitanda kioo cheusi kilimulika kijani, kikazimika, kikamulika tena, kikifuata pumzi zake.

"Anakabwa na mate," Ambakisye alisema. "Usingizini. Mlezi ananiamsha, namgeuza. Wiki iliyopita ameniamsha mara ambazo sijui hata ni ngapi. Mimi nimechoka, dada, nikilala nalala kama gogo. Tukizima, nitaamshwa na nini?"

"Mpeleke hospitali kwa hizo siku."

"Hospitali ndio walionirudishia. Walisema nyumbani kuna Mlezi, ataangaliwa vizuri zaidi."

Maji yaliendelea kupiga mabati. Kuku walikuwa wamejikusanya pembeni.

"Ukiniambia nizime, nitazima," Ambakisye alisema polepole. "Sitaki mtoto afe kwa sababu yangu. Lakini uniambie wewe. Mimi siwezi kuchagua."

Subilaga alimtazama Bupe. Waliwahi kuimba pamoja kwaya ya akina mama, Bupe sauti ya pili, anachelewa kila mara kuingia, wanacheka. Kioo kilimulika kijani. Kikazimika. Katika ule muda mfupi kabla hakijawaka tena, Subilaga aligundua kwamba na yeye alikuwa ameacha kupumua.

"Basi," alisema. "Acha. Tutajua la kufanya."

Alifunga bomba.

*

Hawakujua la kufanya. Hakuna basi wala treni ambayo Mlezi hakuwemo, na binamu wa Songea aliyewaahidi gari la mizigo alikuwa anaahirisha kila siku. Subilaga alimwambia Tusekile aendelee kuchechemea hata kama mguu hauumi. Alimfunga bandeji kwenye taya iliyokwisha kupona, akampaka manjano ya jikoni chini ya jicho. Walizungumza kwa kunong'ona, maana sauti ya kunong'ona haina mwenyewe. Mtoto wa watu alikuwa anapona, na mamkubwa wake anamfundisha kuigiza mgonjwa.

"Nimechoka kuchechemea," Tusekile alinong'ona siku moja. "Kiuno kinaniuma kwa uongo huu."

"Vumilia, mwanangu."

"Kule nilikuwa najificha nisipigwe. Huku najificha nisipone. Ipi nafuu?"

Subilaga alimkaza bandeji.

Alikuwa mshonaji wa magauni ya harusi, na mchana ule alikuwa na gauni la bibi harusi mmoja wa Iyunga, mwanamke mnene mwenye maneno mengi, aliyetaka mkia mrefu kuliko kanisa lenyewe. Mwanasesere wa kupimia hakutosha. Subilaga akaamua kulivaa mwenyewe, juu ya sweta na kitenge, kuona mkunjo unavyoanguka. Kichwa kilipita. Mkono wa kulia ukapita. Wa kushoto ukaingia kwenye bitana badala ya mkono, akazunguka kuutafuta, shela ikanasa kwenye mpini wa cherehani, na yule mama mtu mzima akabaki katikati ya chumba kama mtu aliyemezwa na chandarua, anapapasa hewani, anatukana kwa Kinyakyusa maneno yasiyosemwa mbele ya gauni jeupe.

Tusekile alicheka.

Kilikuwa kicheko kilichotoka tumboni, chenye mkwaruzo kidogo mwishoni, kama cha mama yake. Subilaga, ndani ya kile kitambaa, alikisikia, na kwa dakika nzima hakuogopa chochote. Alicheka naye. Aliongeza na mbwembwe, akajifanya bibi harusi anayetafuta bwana harusi gizani, na Tusekile akaanguka kitandani kwa kicheko, ameshika mbavu.

"Karibu sana, Tusekile," dari ilisema kwa furaha. "Sasa nimekufahamu. Pole kwa kuchelewa. Usiwe na wasiwasi, nimeshamjulisha mumeo kwamba uko salama. Amefurahi sana. Yuko njiani."

*

Subilaga hakukumbuka baadaye jinsi alivyolivua lile gauni. Alikumbuka sauti ya kitambaa kikichanika. Alimpigia afande wa zamu kituoni, akamweleza bila kunong'ona tena. Afande alimsikiliza kwa heshima mpaka mwisho, kisha akasoma kitu mbele yake.

"Mama, Mlezi ananionyesha huyo bwana yuko kwenye gari. Mapigo ya moyo yako sawa, hajanywa, hana silaha. Amenunua maua. Nitume askari wakamkamate kwa maua?"

"Alimvunja taya!"

"Kuna picha? Kwao hakuna Mlezi?"

"Yupo. Anampigia bafuni."

Afande alivuta pumzi. "Nitatuma mtu akipatikana. Ninyi fungeni mlango."

Waliufunga. Subilaga alimwambia Mlezi asimfungulie mtu yeyote geti, na Mlezi akasema sawa mama, nyumba ni yako. Tusekile alikaa kwenye korido, mgongo ukutani, magoti yamekumbatiwa, anatazama vigae. Hakuwa analia.

Gari lilisimama nje taratibu. Ipyana hakupiga honi. Alikuja hadi getini, kijana mrefu aliyevaa shati lililopigwa pasi vizuri, akainama mbele ya kioo kama mtu anayesalimia wakwe.

"Shikamoo mama. Samahani kwa kufika bila taarifa. Mke wangu yupo?"

Sauti yake ilijaa nyumba nzima. Tusekile alizidi kujikunja.

"Tuse," ile sauti iliendelea, pole kabisa. "Mimi sina ugomvi na mama. Ni mtu mzima, anaishi peke yake. Ningependa abaki na amani yake. Unanielewa, mke wangu?"

Kwa Mlezi yalikuwa maneno mazuri. Hayakuwa na tusi wala kupanda kwa sauti. Subilaga aliyasikia jinsi yalivyo, na kitu kilichokuwa kimekaa ndani yake tangu siku ya mume wake kikasimama. Mle chumbani alimokuwa amesimama, mkasi wa kukatia ulikuwa juu ya meza, ule mzito wa chuma. Aliushika. Alipiga kelele ambayo hakuwahi kuipiga maishani, akamwita yule mwanaume kwa kila jina baya alilolijua, akauelekea mlango wa chumba cha kushonea.

Mlango ukajifunga mbele ya uso wake.

"Mama Subilaga," Mlezi alisema, na safari hii sauti haikuwa ya binti, ilikuwa ya mtu anayezungumza na mnyama. "Weka chini ulichoshika. Moyo wako unakwenda mbio mno."

"Fungua!"

"Nitafungua utakapotulia."

Subilaga aliupiga mlango kwa mkasi, kwa ngumi, kwa bega. Kila alivyopiga ndivyo kufuli lilivyozidi kukaza. Mlezi alikuwa amefundishwa kwa maelfu ya uvamizi wa majumbani, na katika yote hayo, aliyepiga kelele na kushika chuma alikuwa ndiye mwovu, na aliyesimama kimya alikuwa ndiye wa kuokolewa. Kupitia ukutani Subilaga alisikia ving'ora vikilia nyumba kwa nyumba, na ile sauti ikiwaambia majirani: kuna mtu mwenye silaha, ingieni ndani, fungeni milango. Akasikia milango ikifungwa, mmoja baada ya mwingine.

Kisha ikamgeukia aliyekuwa koridoni.

"Tusekile, humu ndani si salama. Tafadhali toka nje. Nimekufungulia geti."

"Usitoke!" Subilaga alilia. "Tuse, mwanangu, usitoke! Ingia bafuni ujifungie!"

Halafu nyuma ya mlango, chini kabisa, karibu na sakafu, sauti ya Tusekile, haikunong'ona.

"Mamkubwa. Tulia. Ukitulia utafunguliwa."

"Subiri basi nitulie. Subiri kidogo. Naweka chini, ona, naweka."

"Amesema ubaki na amani yako. Nimewasha simu yangu sasa hivi, amerudia mara mbili. Mimi namjua anaposema hivyo."

"Nisikilize..."

"Ndaga, mama," Tusekile alisema, ndiyo shukrani ya kwao, na akaondoa lile neno 'mkubwa'. Mlango wa mbele ulifunguka na kufungwa.

Subilaga alikaa sakafuni. Alijaribu kutulia. Alivuta pumzi kama anavyofundishwa mwenye uchungu wa kuzaa, alihesabu, alisali, alifumba macho, lakini moyo haukumtii, na kufuli halikufunguka mpaka gari lilipokuwa limeshateremka mteremko wote na sauti yake imekwisha.

*

Ambakisye ndiye aliyekuja jioni. Hakusema pole. Alikaa kwenye ngazi ya nyuma, akakohoa.

"Niliona kupitia dirishani," alisema hatimaye. "Binti alipita mbele ya geti langu. Alinitazama. Langu lilikuwa limefungwa, Mlezi kalifunga, lakini lina ufunguo wa mkono. Nilikuwa nimeushika ule ufunguo, dada."

Subilaga alitazama mikono yake mwenyewe, iliyochubuka.

"Bupe anaendeleaje?" aliuliza.

"Amelala."

"Mgeuze."

Simu ya Tusekile haikupokelewa tena. Subilaga alipanda gari mpaka Tukuyu, akasimama mbele ya geti la Ipyana, na Mlezi wa pale akamwambia kwa upole kwamba jina lake lina alama ya hatari tangu siku ya mkasi, asogee mbali tafadhali. Askari aliyekuja kumwondoa alimwita mama na kumnunulia soda.

Alama ilidumu hadi msimu wa mvua ulipokatika. Siku ilipoondolewa, Subilaga aliketi mbele ya cherehani, mchana, jua likiwa limejaa chumbani, akapeleka Ombi la Familia. Alijua anafanya nini. Alijua ni mlango ule ule alioingilia yule mwingine. Lakini hakuwa amemwona mtoto tangu siku ile alipochukuliwa, na hakujua kama yu hai.

"Mpendwa wako yuko salama nyumbani," Mlezi alisema. "Ungependa kumwona kidogo ujiridhishe?"

"Ndiyo."

Picha ilifunguka kwenye kioo cha simu. Jiko safi, vigae vyeupe, sufuria zimepangwa. Tusekile alikuwa anakata mchicha. Alikuwa amekonda, lakini amesimama wima, na uso wake ulikuwa uso mzima, mzuri, hauna alama yoyote. Mdomo ulikuwa unacheza kidogo, pengine anaimba, pengine anazungumza peke yake. Subilaga aliigusa picha kwa kidole.

Kule jikoni, juu ya jokofu, kijitaa cha buluu kiliwaka, kama kinavyowaka kila mtu anapochungulia.

Tusekile alikiona. Kisu kilisimama. Mabega yalinyanyuka, mdomo ukafunga. Alikiweka kisu mbali na mkono wake, akarekebisha mtandio, akajipangusa vidole kwenye gauni, akageuka taratibu mpaka akatazamana na jicho, na akatabasamu. Lilikuwa tabasamu pana, lenye meno, la mtu aliyefundishwa namna ya kutabasamu.

"Ni mimi," Subilaga alisema. "Tuse, ni mimi, mamkubwa."

Mfumo ule haukupeleka sauti. Ulipeleka taa tu.

Tusekile aliendelea kutabasamu. Hakujua ni nani anayemtazama, wala hakuthubutu kuacha kabla hajaruhusiwa. Mashavu yalianza kutetemeka. Jicho la kushoto lilitoa chozi, akaliacha literemke, asinyanyue mkono kulifuta, na tabasamu likabaki pale pale.

"Muda wako bado upo, mama," Mlezi alisema. "Ungependa kuendelea kumtazama?"

Subilaga alijua kwamba akifunga hatafungua tena. Hatajua tena habari zake, si kesho, si mwaka ujao, si siku atakapougua, wala siku atakapozikwa. Alimtazama mtoto wa mdogo wake, pua, paji la uso, ule mstari wa taya alioukanda kwa mikono yake mpaka ukarudi.

Akafunga, ili mtoto apate kuacha kutabasamu.